Msomaji Aliyepitiliza Mstari

Wahubiri wa mchana pale bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji, hawasomi Biblia wenyewe. Mhubiri ana kazi ya kutembea, kutoa jasho na kunyooshea watu kidole. Kusoma ni kazi ya mtu mwingine anayesimama kando na kitabu wazi, akingoja kuitwa. Mhubiri anapaaza sauti, "Soma!" na msomaji anasoma. Akifika pale mhubiri anapopataka, anakatwa: "Simama hapo hapo!" Hata kama sentensi ina mguu mmoja hewani, msomaji anasimama. Kisha mhubiri analichukua lile neno la mwisho, analirusharusha kama mchele kwenye ungo, na watu wa ofisi waliotoka kula njugu wanacheka, wanaguna, na mmoja wawili wanafuta macho wakisingizia vumbi.

Lornah alikuwa msomaji wa Mwinjilisti Dedan kwa miaka mitatu, kila Jumanne na Alhamisi, saa saba mpaka saa nane. Siku zilizobaki tulisuka nywele pamoja Kenyatta Market, wanne juu ya kichwa kimoja, mteja akiwa katikati ameshika simu yake kama mtu anayeshikilia uhai. Sisi wengine tulikuwa tukivuta wateja kwa mkono na kwa maneno. Lornah hakuvuta mtu. Alisema tu, "Dada, kaa hapa upumzike," na dada anakaa, halafu anajikuta amesukwa.

Sauti yake ilikuwa hivyo hivyo bustanini. Alisoma Maandiko kama mtu anayekusomea barua iliyotoka kwenu. Dedan naye alikuwa na sauti ya askari wa kaunti akifukuza wachuuzi. Simsingizii, sauti hiyo ilivua watu kama samaki. Ilimvua Lornah mwenyewe. Alikuwa anapita na mfuko wa rasta za kusukia kutoka River Road, Dedan akamnyooshea kidole mbele ya umati: "Wewe dada! Nywele za watu umezibeba, roho yako nani anaibeba?" Mimi ningemjibu jambo ambalo lingetufikisha kituo cha polisi. Lornah aliketi kwenye nyasi. Mwezi haukuisha, alikuwa amebatizwa upya katika Huduma ya Upanga Mkali, ambayo watu wake huabudu Jumamosi na hawana mchezo na mtu.

Hapo ndipo alipomuumiza baba yake.

Mzee Tobias Omollo alikuwa fundi wa mawe. Ukikaa Waithaka kwenye ploti ya mawe, ua wa vyumba vya kupanga, huenda ukuta unaouegemea aliupanga yeye. Alitoka Ugenya akiwa kijana, akaja na mwiko wake na dini yake, na vyote viwili hakuviacha. Kanisa lake liliitwa Hema ya Roho: kanzu nyeupe, kitambaa cha kichwani chenye msalaba mwekundu, ngoma, na miguu mitupu, maana mbele za Mungu viatu vinavuliwa. Lornah alizaliwa ndani ya ngoma hizo. Alipohama, mzee hakumfukuza wala hakumlaani. Walifanya mkataba bila kuuandika: Jumamosi binti anatoka na Biblia yake, Jumapili baba anatoka na ngoma yake, katikati ya wiki wanakula omena sahani moja na hakuna anayemhubiria mwenzake. Mama Lornah alikuwa ameshafariki. Mimi nakaa mlango wa tatu kutoka kwao, na nathibitisha kwamba mkataba huo ulidumu kuliko mingi iliyotiwa saini mbele ya kamera.

Kisha msumari ukaingia.

Ilikuwa mwezi wa pili, kwenye mjengo kule nyuma ya Adams Arcade. Ulipita soli ya gamboti ukamdunga chini ya kidole gumba. Akauchomoa kwa koleo, akajimwagia maji ya chumvi, akaendelea kupanga mawe. Hakusikia maumivu, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Mwenye ugonjwa wa sukari hupoteza hisia za nyayo kidogo kidogo, na mzee hakujua kama anao, kwa sababu hakuwa amekanyaga kliniki tangu mwaka wa tisini na nne.

Mwaka huo homa ilimlaza siku tisa. Waumini wa Hema wakamzunguka kwa ngoma na maombi mpaka akaketi akaomba uji. Alipopata nguvu alisimama mbele yao bila viatu, mkewe akiwa shahidi, akaweka nadhiri: hatameza dawa, wala mwili wake hautaguswa na kisu. Kanisa halikumwagiza. Wenzake humeza vidonge vya kichwa kama njugu na siku ya kujifungua wake zao wako hospitali kama watu wote. Nadhiri ilikuwa yake, ameijenga mwenyewe, na ukuta wa Mzee Tobias si wa kusukumwa na bega.

Mwezi wa tano ulipofika kidole kilikuwa cheusi. Chumba chao kilikuwa na harufu ambayo hata ubani uliikimbia. Lornah akambembeleza, akalia, akanyamaza siku mbili, akapika kuku. Mzee akala kuku. Mimi nikajaribu kwa njia yangu.

"Baba," nikamwambia, "ukifika mbinguni na mguu mmoja utachezaje ngoma?"

Akanitazama kutoka kitandani. "Wahu, wewe diploma yenyewe uliiacha na mguu mmoja. Na unatembea."

Nilitoka nje nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikaniishia. Diploma yenyewe ilikuwa ya mawasiliano. Walitufundisha kwamba ujumbe una mtumaji na mpokeaji. Muhula wa kufundishwa mpokeaji akikataa sikuufikia.

Alhamisi moja asubuhi Lornah alimleta muuguzi wa kliniki ya hapo Waithaka kwa hila, eti ni mteja amekuja kuangalia mitindo ya kusuka. Yule mama akaketi, akasifu nywele zangu, akatupia jicho mguu uliokuwa umechomoza nje ya blanketi. Alipofika nje alimshika Lornah kiwiko.

"Kesho asubuhi awe hospitali. Weusi umeshaanza kupanda. Sikutishi, mamangu, nakuhesabia saa. Mkingoja wiki iishe, hamtapeleka mgonjwa. Mtapeleka maiti."

Mchungaji wa Hema ya Roho, mtu pekee ambaye mzee angemsikiliza, alikuwa amesafiri Ugenya kwa matanga, na kule alikokuwa simu hushika ukipanda juu ya kichuguu. Lornah alimpigia mara kumi na mbili. Kisha akavaa sketi yake ndefu, akaenda mjini kusoma kama kila Alhamisi. Nilidhani anakimbia. Kumbe alikuwa anakwenda kumchukua Dedan.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na namwelewa. Ukiwa umeona mtu akiinua umati kwa maneno, unadhani hashindwi na mzee mmoja kitandani. Hakufikiri kwamba kwa Mzee Tobias, Dedan hakuwa mhubiri tu. Alikuwa mwizi wa binti. Kumleta nyumbani ni kuugeuza mguu kuwa mechi.

Saa kumi jioni waliingia kwenye ploti. Dedan alikuwa na suti ya kijivu na viatu vyeusi vilivyong'aa. Pale mlangoni kwa Mzee Tobias kulikuwa na kijizulia ambacho kila mtu wa ploti, hata anayekuja kuomba kiberiti, huvulia viatu. Dedan alikikanyaga akapita. Nilimwona mzee akivitazama vile viatu mpaka vilipofika kando ya kitanda chake.

"Bwana asifiwe, Mzee."

"Karibu," mzee akasema. Hakusema asifiwe.

"Nimesikia unajiua."

Lornah akashtuka. "Mwinjilisti, tulisema tuanze pole pole…"

"Dawa ya jipu ni moja, dada. Mzee, nakuuliza swali moja. Ni wapi katika Maandiko Mungu amekataza hospitali?"

"Na wapi," mzee akasema, "amekataza mimi kushika neno yangu niliyomwambia?"

Majirani walikuwa wameanza kukusanyika mlangoni. Ploti ikisikia mdahalo haihitaji tangazo. Mama Millicent wa mlango wa kwanza alikuja na sufuria yake ya mboga ya sukuma, akaendelea kukata hapo hapo.

Dedan akageuka nusu, kama afanyavyo bustanini ili wote wamwone. Chumba kilikuwa na hatua tatu kwa nne, na kila alipogeuka koti lake liligusa pazia. "Neno lako! Nyinyi watu wa ngoma ndivyo mlivyo. Mnavua viatu, mnazunguka, mnatoa jasho. Nani alikuambia Mungu anaangalia miguu?"

"Yule mtu aliona kichaka kikiwaka na hakiungui," mzee akasema polepole, "aliambiwa afanye nini? Avae gamboti?"

Mlango mzima ukacheka. Mama Millicent alilazimika kuweka kisu chini.

Dedan akatabasamu bila kupenda. "Sawa. Kumbe wewe ni mtu wa agano la kale. Basi mbona hupumziki siku ya saba?"

"Miezi mitatu niko kwa hii kitanda, kijana. Nimepumzika mpaka Jumatatu."

Hapo hata mimi nilipiga makofi. Nilipiga kabla sijafikiri, na nikaona uso wa Lornah. Alikuwa amesimama kwenye kona, Biblia kifuani, anatutazama kama watu wanaoshangilia nyumba inayoungua. Maana baba yake alikuwa anashinda. Kila alipomjibu Dedan vizuri zaidi alikuwa anajifunga kitandani kwa kamba nyingine. Mtu atashindaje mdahalo mbele ya majirani wote, halafu aamke asubuhi akafanye kile alichokuwa anakipinga?

Niliacha kucheka. Wengine hawakuacha.

Na Dedan, ambaye hakuzoea kuchekwa na upande usio wake, alifanya kitu ambacho nimekifikiria mara nyingi tangu siku hiyo. Aliishusha sauti. Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa mzee.

"Mama Lornah," akasema, "alipigiwa ngoma siku ngapi? Si saba? Nimeambiwa ni saba. Yuko wapi sasa?"

Nilisikia maji yakidondoka kwenye mfereji nje.

Ngoma za siku hizo saba zilipigwa kanisani, na pale ploti hakuna aliyezijua isipokuwa baba na binti. Lornah alizisema akiwa amepiga magoti, wiki ile ya ubatizo wake, akimwambia Dedan mambo yaliyokuwa yanamkosesha usingizi. Mzee hakumtazama Dedan. Alimtazama binti yake. Alimtazama muda mrefu, kisha akajigeuza kwa shida, mguu ukibaki nyuma kama mzigo wa mtu mwingine, akauelekeza uso ukutani.

"Mmeona?" Dedan akasimama wima. Sauti ikarudi kuwa ile ya bustani. "Ukweli unachoma! Msomaji! Habari za mfalme mgonjwa. Ule mstari wa dawa ya jipu, huo mmoja tu. Soma!"

Huo mstari nilikuwa nimewahi kuusikia. Nabii anaagiza zitwaliwe tini zibandikwe juu ya jipu la mfalme, na mfalme anapona. Ni hoja nzuri. Ungempiga nayo mtu kichwani angelala.

Lornah alifungua kitabu. Kwanza akafanya jambo moja dogo: alirudi mpaka mlangoni, akavua viatu vyake, akaviweka kwenye kile kijizulia. Halafu akaja akaketi sakafuni, upande wa ukuta, pale baba yake alipokuwa amegeukia. Akaanza kusoma. Hakuanzia kwenye dawa. Alianzia juu kabisa.

"Si hapo," Dedan akasema. "Teremka chini."

Akaendelea. Mfalme anaugua. Nabii anamjia na kumwambia atengeneze mambo ya nyumba yake, maana hatapona.

"Dada Lornah. Simama hapo."

Hakusimama. Mfalme anageuza uso wake ukutani. Aliposoma hilo, bega la mzee likatikisika kidogo. Mfalme anaomba, analia, anamkumbusha Mungu jinsi alivyokwenda mbele zake kwa moyo wake wote.

"Simama hapo hapo!"

Miaka mitatu nilikuwa namwona Lornah akisimama kwa neno hilo. Alisimama katikati ya manabii, katikati ya mitume. Siku hiyo alilipita kama mtu anayepita bango la barabarani. Akasoma jinsi nabii hakuwa amefika hata nje ya ua neno likamrudia: rudi ukamwambie kwamba maombi yake yamesikiwa, na machozi yake yameonekana. Akasoma miaka aliyoongezewa. Ndipo akafika kwenye tini na jipu, akazisoma kwa sauti ile ile, hakuzikazia. Akafunga kitabu.

Kisha akainua uso. "Mwinjilisti," akasema, "mzee ameshinda."

"Nini?"

"Ameshinda mdahalo. Kila ulichomuuliza amekujibu. Majirani ni mashahidi. Na ile habari ya mama haikuwa yako kuisema. Hata mimi nilikosea kukupa." Akamgeukia baba yake. "Baba, umeshinda. Mimi naacha kubishana."

Dedan akatoka nje kwa hatua ndefu, lakini hakuondoka. Alisimama kibarazani akifuta viatu vyake kwa kitambaa, maana majirani walivikanyaga alipokuwa anapita, na sisemi ni nani.

Watu walitawanyika kwa aibu, mmoja mmoja. Mimi nilibaki kwa sababu Lornah alinishika mkono.

Mzee akasema na ukuta: "Soma tena pale kwa machozi."

Akasoma tena.

"Umesema nimeshinda."

"Umeshinda, Baba."

"Mbele ya mtu wako."

"Mbele yake."

Akajigeuza. Macho yalikuwa mekundu. "Basi sasa tunaweza kuongea juu ya mguu."

Nilikaribia kuruka kwa furaha, ila Mzee Tobias hakuwa mtu wa kukurahisishia. Nadhiri, alisema, haivunjwi. Inarudishwa ilikotoka, kwa njia ile ile iliyokuja nayo: miguu mitupu, ngoma, na shahidi ndani ya kanzu. Shahidi wa kwanza alikuwa mkewe. Angeweza kusimama mahali pake mtu mmoja tu.

"Waumini wenzako, Baba?" nikauliza. "Hakuna mama mmoja wa kanisa tumwite?"

"Nimesema mmoja."

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda. Lornah alilivuta, akalifungua, akaitazama kanzu ya mama yake. Ilikuwa imekunjwa miaka minne, mikunjo imekuwa ya njano. Katika Huduma ya Upanga Mkali walimfundisha kwamba kuivaa tena ni kurudi gizani kwa miguu yako mwenyewe. Alikuwa ameamini hivyo. Sijui kama alikuwa ameacha kuamini dakika ile, na sidhani. Ndiyo maana mikono yake ilichelewa kuichukua.

Dedan alikuwa anaona yote kupitia dirisha. "Lornah," akasema, na safari hii hakupaaza sauti, alisema kama mtu anayeogopa kweli. "Dada yangu. Ukivaa hiyo, Jumanne usije."

"Nimekusikia, Mwinjilisti."

Akaivaa. Akafunga kile kitambaa cha msalaba mwekundu. Kilimkaa vibaya, kikateremka mpaka kwenye nyusi. Nilisikia viatu vya Dedan vikienda mpaka getini.

Ngoma ilikuwa imefungiwa kanisani. Nikaleta beseni langu la kufulia. Mimi ni Mpresbiteri wa kuzaliwa, ngoma ninayoijua ni ya brigedi ya vijana wa kanisa, kwa hiyo nililipiga lile beseni kwa mwendo wa gwaride. Mzee akanikemea: "Polepole, Wahu! Hatuendi vita." Tukamwinua, mimi bega hili, binti yake bega lile, akasimama kwa mguu mmoja. Akaomba kwa Kijaluo, muda mrefu. Sikuelewa maneno, ila mwendo wake niliuelewa: alikuwa fundi anayemweleza mwenye mjengo kwamba ukuta wake mwenyewe, aliouapia, umepata ufa.

Alipomaliza tukamlaza. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Tunaenda, Baba?" Lornah akauliza.

"Nimeuliza. Tungoje jibu."

Hilo lilitumaliza. Tulilala tukilingoja jibu hilo, kama kulala ni neno lake. Kulipokucha nilisikia fimbo ikigonga ukuta. Niliingia nikamkuta mzee ameketi kitandani, kanzu imenyooka, kitambaa kichwani. Hakutuambia kama aliota au aliona nini, na hatukuthubutu kumuuliza. "Itisha gari," akasema. "Kabla sijabadilika."

Hospitalini daktari aliyempokea aliitwa Ravneet, mwanamke mwembamba mwenye macho ya mtu aliyekesha. Akafunua mguu, akaubonyeza hapa na pale, akamgeukia Lornah akaanza kumweleza kwa Kiingereza cha haraka juu ya kichwa cha mgonjwa. Nilielewa robo, na robo hiyo ilinitosha: si kidole. Ni chini ya goti.

Mzee hakuelewa neno hata moja, lakini alielewa kwamba anazungumzwa. Akashusha mguu wake mzima kutoka kitandani. "Lornah, wapi kiatu yangu?"

Tulikuwa tunampoteza. Baada ya yote yale, tulikuwa tunampoteza kwa sababu ya Kiingereza.

"Daktari," Lornah akasema, "tafadhali mwambie yeye. Mguu ni wake."

Yule daktari aliitazama kanzu ya mzee, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Akavuta kiti, akaketi, kichwa chake kikawa chini ya cha mzee. Nilitarajia atapaka asali. Hakupaka.

"Mzee wangu, nikikata kidole leo, wiki ijayo nitakuita tena nikate mguu. Wiki ya tatu sitakuita, kwa sababu hutakuwa. Nikikata hapa, leo, unaweza kuishi. Siwezi kuapa. Lakini kama ungekuwa baba yangu, ningekata hapa."

"Tuliongea kidole."

"Mliongea bila mimi. Nisamehe."

Mzee akauliza, "Wewe unaomba?"

"Naomba. Na sisi kwetu tukiingia kuomba tunavua viatu, tunafunika kichwa."

Akamtazama kutoka juu mpaka kwenye raba zake za kijani. "Basi leo usivue. Sakafu yenu ni chafu."

Daktari akacheka mpaka akafunika mdomo, na mzee akanyoosha kidole cha kutia sahihi.

Walimwingiza saa nne na nusu. Tulikaa kwenye benchi. Lornah bado alikuwa na ile kanzu, hakukumbuka kuivua, na watu waliopita walimwachia nafasi wakidhani ni mtawa. Hakuomba kwa sauti. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la mkono. Saa sita ikapita. Saa saba. Saa saba na dakika ishirini mlango ukafunguka na daktari Ravneet akasimama pale, akatikisa kichwa juu na chini. Lornah akaliachia lile pindo la mkono.

Dedan alipata msomaji mwingine, kijana anayesimama vizuri kila anapoambiwa. Nasikia watu bado wanaokoka pale. Lornah hakuitwa, na hakwenda kuuliza. Jumamosi alikaa hospitalini, na Jumamosi iliyofuata pia.

Siku ya tisa, mzee akiwa ameegemea mto, akala uji wote, akalifuta bakuli kwa kidole. Kisha akamuuliza binti yake bila kumtazama: "Jumapili nikitoka hapa, utavaa ile kanzu?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo.

"Hapana, Baba," Lornah akasema. "Niliivaa kwa ajili yako. Sitakudanganya."

Mzee akalizungusha bakuli mikononi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaacha kutafuna ili asikie.

"Lakini hii gari ya magurudumu," mzee akasema, "siwezi kuisukuma kwenye ule mlima wa Waithaka peke yangu."

"Nitakusukuma."

"Mpaka mlangoni kwa kanisa."

"Mpaka mlangoni, Baba."

"Sawa," akasema, na akampa bakuli akalioshe.